Manyunyu ya Kihansi

 Nimeombwa niwape ninyi wahitimu wa uhandisi neno la kuwaaga. Nitawasimulia habari za chura.

Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, yuko chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi, huzaa watoto walio hai. Ngozi ya tumbo la jike ni nyepesi hata watoto huonekana kabla ya kuzaliwa. Makazi yake yote duniani yalikuwa takribani hekta 2, zikiloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme kwenye mto huo ukiwa umekwisha kuanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, maji mengi ya mto yakaelekezwa handakini, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kwa ndege ili kizazi kisipotee. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini haikutosha, na ugonjwa wa kuvu nao ukaonekana humo. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Vizazi vya wale waliosafiri vilianza kurejeshwa korongoni mwaka 2012.

Wako waliocheka: nchi ina kiu ya umeme, ninyi mnalilia chura! Nami nyumbani kwangu nawasha taa, kwa hiyo siwaambii msijenge mabwawa. Nawaambia hivi: megawati zilihesabiwa mapema, manyunyu yakaja kuhesabiwa yalipokwisha kukauka.

Kila kazi mtakayopewa ina manyunyu yake. Barabara mtakayoinua itaziba kijito ambako ng'ombe wa mtu hunywa. Mfereji mtakaousakafia utakausha bustani ya mchicha ya mama fulani. Hayo hayamo kwenye mchoro. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi kabla ya kutia saini, nendeni mkakanyage tope la mahali penyewe, mkaulize: nani anaishi kwa hiki tunachokiondoa? Safari ya chura yule kwenda na kurudi ilichukua miaka 12. Swali hilo halimalizi hata asubuhi moja. Liulizeni mapema.