Kompyuta Imekaa Mezani, na Wewe Umekaaje?

Mazungumzo na vijana wa Mjimwema, Manispaa ya Songea

Mmezoea kunisikia nikizungumzia UKIMWI, malaria na uzazi wa mpango. Leo nazungumzia kiti. Ndiyo, kiti! Kiti, meza, na kompyuta iliyoko juu ya meza hiyo.

Kwa nini? Ukipita mitaani kwetu utaona kibao mlangoni: tunachapa, tunatoa fotokopi, tunajaza fomu. Ofisi yenyewe ni sebule. Kijana kamaliza chuo, ajira hajapata, nyumbani wakajikusanya, pengine mama kauza magunia ya mahindi, kompyuta ikanunuliwa. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, foleni inafika uani. Huyu anahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yule anajaza fomu za HESLB, mwingine anaomba kazi. Kijana anakaa hapo tangu asubuhi hadi usiku. Hela inaingia, tunashukuru.

Baada ya miezi kadhaa shingo haigeuki vizuri, macho yanawaka, vidole vina ganzi. Sasa niambie: huyu akishindwa kukaa kwenye kompyuta, nyumba ile itakula nini? Mahindi yalishauzwa.

MASHINE YA KIPANDE KIMOJA

Wapo wanaochagua kompyuta ya mezani ya kipande kimoja, ile isiyo na boksi la pembeni. Mashine yote, na mara nyingi spika na kamera, imo nyuma ya kioo. Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa Macintosh mwaka 1984 na iMac mwaka 1998, zote za mtindo huo. Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta kuingizwa nchini bila kibali maalumu. Leo iko sebuleni, karibu na kabati la vyombo. Tumetoka mbali!

Kwa mwili wako mashine hii ina uzuri wake. Kibodi iko mbali na kioo. Kwenye kompyuta ya mapajani ukiinua kioo, mikono nayo inapanda. Ukiishusha, shingo inainama. Hii ya mezani unaweza kuweka kioo juu na mikono chini, kila kimoja mahali pake.

Ubaya wake ni mguu. Nyingi zina mguu mfupi unaoruhusu kioo kulala nyuma kidogo tu, hakipandi wala hakishuki. Ukiiweka juu ya ile meza fupi ya sebuleni, ya kuwekea chai, basi siku nzima unaitazama kama mtu anayechungulia kisimani. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kadiri unavyokiinamisha mbele, ndivyo misuli ya shingo inavyobeba zaidi.

REKEBISHA LEO, BILA KUNUNUA KITU

Huhitaji kiti cha mkurugenzi. Fuata haya.

1. Hamia kwenye meza ya kulia chakula, au mwombe fundi seremala akutengenezee meza ya kimo chako. Ukiweka vidole kwenye kibodi, viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjwe kama pembe ya daftari.

2. Inua kioo. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho yako au chini kidogo. Rimu moja ya karatasi ina unene wa karibu sentimeta 5. Rimu mbili ambazo hujazifungua, weka chini ya mguu wa mashine, umepanda sentimeta 10. Hakikisha haiyumbi.

3. Kaa mbali na kioo kwa urefu wa mkono ulionyooshwa. Kama huoni herufi, kuza herufi. Usisogeze pua.

4. Kiti cha plastiki kinafaa ukikisaidia. Kunja khanga au kitenge kama bomba, weka nyuma ya kiuno. Miguu ikikanyaga hewa, weka kigoda au tofali chini yake.

5. Kipanya kiwe jirani na kibodi. Usikifuate mwisho wa meza.

Na soketi? Hapa ndipo wengi tunaponaswa. Chumba cha kupanga kina soketi moja, nayo iko inakotaka yenyewe. Basi mashine inakaa penye soketi, hata kama ni mkabala na dirisha. Jua la saa nne linapiga kioo, unakunja uso mpaka jioni. Afadhali umwite fundi umeme akuvutie soketi nyingine, kioo kikae ubavuni mwa dirisha. Dirisha lisiwe mbele yako wala mgongoni.

MACHO: UKWELI NA UVUMI

Je, wajua kwamba mtu akitazama kioo anapepesa macho mara chache kuliko kawaida? Ndiyo maana jicho linakauka na kuwasha kama limeingia mchanga. Dawa yake ni ya bure. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Sisi wa Songea tumejaliwa vilima vya Matogoro. Vitazame! Na ukumbuke kupepesa.

Sasa maswali mnayoniuliza pembeni, mkiona aibu kuyasema mbele za watu.

Eti kompyuta inapofusha? Hapana. Inachosha macho, na uchovu huo unaisha ukipumzika. Ila ukiona ukungu usioisha, au kichwa kinauma kila ukisoma, nenda ukapimwe macho. Huenda ulihitaji miwani tangu shuleni.

Eti ile miwani ya kuzuia mwanga wa bluu ni lazima? Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walichambua majaribio 17 wakaona kwamba, kwa muda mfupi, huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Hela hiyo nunulia kiti.

Eti inamaliza nguvu za kiume? Kaka, mashine iko mezani na wewe uko kwenye kiti. Kioo chake hakitoi mionzi ya kukufanya hivyo. Kinachoweza kukudhuru ni kukaa kutwa bila kujongea, kulala saa tatu, na kula chipsi huku unachapa. Mwili mzima unaumia hapo.

SIMAMA!

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kutembea haraka kunatosha. Dakika 30 kwa siku, siku tano, umefika. Kila nusu saa simama, zungusha mabega, peleka karatasi mwenyewe badala ya kumtuma mdogo wako.

Na usiku? Najua bando la usiku ni rahisi. Lakini mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu hii: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Ofisi ikiwa nyumbani hakuna anayekufungia mlango. Basi ufunge mwenyewe. Andika saa ya kufunga kwenye kibao, wateja watazoea.

Vidole vikifa ganzi, hasa gumba, cha shahada na cha kati, na usiku ganzi inakuamsha, usisubiri hadi ushindwe kushika kikombe. Nenda kituo cha afya, ueleze na kazi unayofanya. Mganga hawezi kubuni kwamba unachapa saa kumi kwa siku.

UMEME NA SIRI ZA WATU

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta. Hata hivyo umeme hukatika, na mashine hii kwa kawaida haina betri. Ukikatika, kazi imekwenda. Hifadhi kila mara, na ukiweza nunua UPS ikupe dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Radi zikianza, chomoa. Pasi na jiko la umeme visikae kwenye waya mmoja wa kuunganishia na kompyuta, unaweza kuunguza nyumba. Weka pia nakala za kazi kwenye flashi. Mashine ikiwa kipande kimoja, kioo kikifa yote inakwenda kwa fundi.

Jambo la mwisho, dada zangu hasa. Ofisi ya nyumbani inaingiza wageni nyumbani. Iweke sebuleni, mlango uwe wazi, wala isiwe chumbani kwako. Mteja anayetaka kuja saa nne usiku "kuchapa barua tu," mwambie asubuhi. Hela yake haikosi kesho.

Nanyi nyote, heshimuni karatasi za watu. Mtu anakuletea cheti cha hospitali, namba ya NIDA, nywila yake. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yake, na faili lake usiliache wazi juu ya kioo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria, siri ya mteja ikitoka sebuleni kwako, kesho nani atapanga foleni?

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungua gazeti ukurasa mwingine, fanya jambo moja. Kaa kwenye kiti chako cha kazi, kisha mwite mtu wa nyumbani akutazame ubavuni. Muulize: shingo yangu imenyooka, au nachungulia kisima? Akisema kisima, rimu mbili unazo. Anza.