Fungate Ipangwe Kabla ya Ukumbi

(Mada iliyotolewa kwa wachumba, wazazi na wajumbe wa kamati za harusi, Kitendaguro, Bukoba)



Ndugu wachumba, wazazi wetu na wanakamati, mada niliyopewa inahusu fungate. Naona wengine mmeanza kutabasamu. Kamati zetu zinajua sana kupanga ukumbi, keki, magari na chakula. Fungate huachwa hadi wiki ya mwisho, na bwana harusi huachiwa ahangaike nayo peke yake. Hapo ndipo deni la kwanza la ndoa linapozaliwa.

Neno fungate asili yake ni saba, yaani siku saba baada ya harusi. Halisemi habari za hoteli wala ndege. Wazee wetu Wahaya hawakusafiri. Bibi harusi alikaa ndani akitunzwa kabla hajakabidhiwa jembe. Shabaha ilikuwa kumpa nafasi ya kuzoea nyumba na mwenzake. Ukienda safari ukarudi hamjazungumza, umetalii tu.

Sasa tuje kwenye fedha. Wote hapa mnaijua butura. Kijana anauza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ni maua tu, kwa bei ya kutupa, ili apate nauli ya Zanzibar. Butura ni marufuku lakini hufanyika kwa siri. Msimu ukifika, kahawa inachumwa na kwenda kwa aliyetoa fedha. Wakati huo mke yuko nyumbani, huenda ni mjamzito, na hela ya kliniki hakuna. Wengine hukopa kwenye kikundi na kurejesha kwa mwaka mzima safari ya siku nne.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba bibi harusi haulizwi. Anaambiwa ni zawadi ya kushtukiza. Habari za mkopo anazipata wakati wa marejesho, tena kwa mweka hazina. Mabinti, msione haya kuuliza: fedha hii imetoka wapi? Na vijana, swali hilo si dharau.

Kwa hiyo andikeni bajeti ya fungate wenyewe, wawili, kabla kamati haijaketi. Tuseme mna shilingi 400,000. Kwanza tengeni chakula cha mwezi mtakaporudi, na kodi kama mmepanga nyumba. Kinachobaki ndicho cha safari. Michango ya watu msiihesabu kabla haijafika mkononi. Ahadi hailipi nauli.

Mahali pa kwenda si lazima pawe mbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,300, na bado hamjapanda boti ya Zanzibar. Mnaopenda sala, Nyakijoga kule Mugana ni karibu. Wenye uwezo zaidi wafikirie kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, chenye sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Ulizeni mapema viingilio vya raia, malazi na boti ya kuvukia, maana boti hulipiwa zaidi ya nauli ya basi mliyozoea. Mwanza kwa meli nayo ni safari nzuri ya usiku. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ikiitwa New Victoria.

Najua wapo wazazi hapa ambao wakisikia meli wanakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Wasikilizeni, msiwacheke. Msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, na mkifika ndani jambo la kwanza ni kujua maboya yalipo.

Angalieni na kalenda. Harusi nyingi hufungwa baada ya Pasaka, Kwaresima ikiisha, na Aprili ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote hapa Bukoba. Mkiweza, ahirisheni safari hadi Juni au Julai. Hakuna sheria ya Kanisa inayodai muondoke usiku ule ule wa harusi! Siku saba za kwanza kaeni nyumbani, simu zimezimwa, na wanakamati mkae mbali kidogo na mlango wao.

Sasa kila wachumba wachukue karatasi moja, si mbili. Andikeni fedha mliyo nayo leo, kila mmoja mbele ya mwenzake, na madeni pia. Wazazi tutoke nje kwa chai, tuwaache nusu saa.