Safari ya Kwenda Kwenye Theluji

 Leo nasema na familia za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na za Lilongwe, hapa Malawi, zilizopangiwa kuhamia Kanada.

Ndege ikiondoka uwanja wa Kamuzu, Lilongwe, mara nyingi mtapitia Addis Ababa, kisha ni saa nyingi angani. Mkishuka Winnipeg, Kanada, mwezi wa Januari, baridi inaweza kufika digrii 30 chini ya sifuri. Baridi ya Dowa ya Julai si kitu mbele yake! Kwa hiyo sweta, soksi nzito na kofia za watoto zisiingie kwenye mzigo mkubwa, zikae mkononi. Vaeni nguo kadhaa, moja juu ya nyingine, maana hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto.

Mfuko wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) wenye hati usimwachie mtu, hata ukienda msalani. Bahasha iliyofungwa iliyomo ndani yake msiifungue. Dawa za presha au sukari zibaki nawe.

Na lile la nauli, mama zangu na baba zangu: kwa wengi ni mkopo, hulipwa kidogo kidogo baada ya kufika. Ulizeni kabla ya kusaini. Anayewadai pesa ili jina lenu lipande juu kwenye orodha ni tapeli. Huduma za shirika la wakimbizi la UNHCR hazilipiwi.