Weupe wa Theluji

Sisi wa Gongoni tukisikia "cheupe" twawaza marundo ya chumvi. Lakini Isaya, akinena juu ya kusamehewa dhambi, alitaja theluji.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu. Huko London msomi Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alikataa katakata. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, waliupanda mlima huo, wakashuka wakiteleza thelujini kwa mbao miguuni!

Ndugu, wewe usemaye dhambi yako haifutiki, wakataa kama Cooley, ukiwa mbali. Usogee Msalabani leo, hata kama bado una mashaka.