Tandiko Kavu, Simbilisi Mzima

Mada kwa wafugaji wadogo wa kata



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo: nguo inayotandikwa katika banda la simbilisi, kufuliwa na kutandikwa tena. Hata hivyo, katika kaya nyingi za nyanda za juu simbilisi ndiye mfugo wa kwanza wa mtoto, na ndiye auzwaye upesi pale daftari au sabuni inapohitajika. Simbilisi wanapoanza kufa mmoja baada ya mwingine, wenye banda hutafuta ugonjwa wa ajabu au jicho la jirani. Mara nyingi chanzo kiko chini ya miguu ya mnyama mwenyewe, nacho ni unyevu.

Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Miguu yake ni mifupi na nyayo zake hazina manyoya. Tumbo lake karibu linagusa sakafu, na hewa anayovuta ni ile iliyo juu kidogo tu ya tandiko. Hukojoa na kutoa kinyesi mchana na usiku. Mkojo ukikaa, vijidudu huuvunja na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Amonia huumiza njia ya hewa na kufungulia mlango nimonia. Nyayo zinazokaa kwenye unyevu hulainika, hupasuka na kufanya vidonda. Manyoya yaliyochafuka nyuma huita nzi, nao hutaga mayai yanayogeuka funza.

Kinga ina uzito wa pekee kwa mnyama huyu, kwa kuwa tiba yake ni ngumu. Dawa za jamii ya penisilini, ikiwemo amoksilini ambayo wengi huijua kutoka duka la dawa, huweza kumuua simbilisi kwa kuharibu vijidudu vyema vya tumboni mwake. Mfugaji asimpe mnyama huyu dawa ya binadamu hata kwa nia njema. Aliyeweka tandiko kavu amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari.

Kuchagua nguo

Si kila nguo kuukuu inafaa kuwa tandiko. Khanga, kitenge au shuka la pamba likiwekwa juu hunywa mkojo na kuushikilia palepale tumbo la mnyama linapolala. Taulo likiwekwa juu lina vitanzi vinavyonasa kucha. Kiroba huachia nyuzi, na simbilisi huzitafuna. Blanketi la manyoya marefu hushika kinyesi na halikauki upesi.

Tandiko linalofaa lina tabaka tatu. Tabaka la juu ni flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi kinachoshonewa majaketi ya baridi, ambacho hupatikana kwa urahisi kwenye mitumba. Flisi haihifadhi maji, bali huyapitisha chini na yenyewe hubaki karibu kavu. Tena ukingo wake ukikatwa hauachii nyuzi. Tabaka la kati ndilo la kunywa mkojo: taulo kuukuu, nepi za kitambaa, au shuka la pamba lililokunjwa mara kadhaa. Tabaka la chini ni kipande cha turubai au plastiki nzito, ili mkojo usiozeshe mbao za banda.

Flisi isiyowahi kufuliwa mara nyingi hukataa maji, nayo hubaki juu kama umande juu ya jani la mgomba. Ifuliwe mara mbili au tatu kwa maji ya moto na sabuni, bila kilainishi cha nguo, kwa sababu kilainishi huacha utando unaozuia maji kupita. Kisha ijaribiwe. Itandikwe juu ya taulo, imwagiwe kijiko kimoja cha maji, mfugaji asubiri dakika chache, halafu aikandamize kwa mgongo wa kiganja. Mkono ukitoka mkavu, nguo imefaulu. Maji yakibaki juu au mkono ukilowa, nguo hiyo ipewe kazi nyingine.

Nguo ikatwe kubwa kuliko sakafu ya banda, kingo zikunjwe chini, maana simbilisi hupenda kujipenyeza. Nyuzi zote zinazoning'inia zikatwe kwa mkasi. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mnyama unaweza kuzuia damu mpaka kidole kife. Mfugaji awe na seti tatu: moja bandani, moja kwenye ndoo, moja kwenye kamba. Mwenye seti moja, mvua za masika zikimkuta, atarudisha nguo mbichi bandani, na kazi yote itakuwa ya bure.

Utunzaji wa kila siku

Kila asubuhi kinyesi kifagiliwe kwa ufagio mdogo na kupelekwa kwenye mboji, kwani ni mbolea nzuri. Simbilisi huwa na kona wanayoipendelea kukojoa. Hapo pawekwe kipande cha ziada cha nguo, kibadilishwe kila siku. Kwa simbilisi wawili, tandiko zima libadilishwe baada ya siku tatu au nne. Wakiwa wengi zaidi katika eneo lilelile, muda huo ufupishwe.

Mfugaji asisubiri harufu. Mtu aliyesimama mlangoni pua yake iko juu sana. Harufu ikimfikia, mnyama amekwisha kuivuta siku kadhaa. Kipimo kilicho bora ni kile cha kiganja: tandiko likandamizwe katikati na kwenye kona, asubuhi na jioni.

Jambo jingine husahauliwa. Simbilisi aliyelala kwenye nyasi alikuwa akila tandiko lake. Anapohamishiwa kwenye nguo, chakula hicho kimeondolewa. Nyasi ziwepo wakati wote, ziwekwe katika hori lililoinuliwa ili zisilowe. Simbilisi anayeonekana kutafuna nguo yenyewe aondolewe juu yake na kurudishiwa nyasi.

Kufua

Nguo ikung'utwe nje, manyoya yasuguliwe kwa brashi, kisha ilowekwe katika maji baridi ndani ya ndoo yake maalumu. Ndoo hiyo isitumike kwa vyombo vya chakula wala nguo za mtoto mchanga. Mkojo wa simbilisi una madini ya chokaa, nao huacha madoa meupe magumu; siki iliyochanganywa na maji huyalainisha. Baada ya hapo nguo isuuzwe vizuri, ifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali, isuuzwe tena na kuanikwa juani pande zote mbili mpaka ikauke kabisa.

Hapa kuna tahadhari mbili za usalama wa kaya. Kwanza, dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, isimwagwe kamwe kwenye nguo yenye mkojo wala kuchanganywa na siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu ya anayefua. Pili, flisi ni jamii ya plastiki. Haipigwi pasi ya mkaa, na banda lenye tandiko hilo halikai karibu na jiko la kuni. Wengi huwaacha simbilisi jikoni kwa ajili ya joto, lakini moshi huumiza mapafu yao, na cheche moja juu ya flisi yaweza kuiunguza nyumba.

Kila aliyeshika tandiko chafu anawe mikono kwa sabuni, hasa watoto. Mashilingi, yaani choa, huambukiza kutoka kwa simbilisi kwenda kwa binadamu, na kinyesi chake huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Maji: swali la kwanza kabla ya nguo

Ndugu wananchi, anayechagua tandiko la kufua amechagua pia kutumia maji. Kabla ya kununua flisi sokoni, kaya ijiulize: maji ya kufua mara mbili kwa wiki yatatoka wapi, na maji machafu yatakwenda wapi?

Tandiko halifuliwi kisimani, mtoni, kwenye chemchemi wala kwenye kioski cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Zaidi ya sheria, kuna ujirani: maji yanayochafuliwa na ndoo moja juu ya bonde hunywewa na watoto wa chini ya bonde. Maji ya kufulia yabebwe mpaka nyumbani, na machafu yamwagwe shinani mwa migomba au miti, mbali na kisima na mbali na mboga zinazoliwa mbichi.

Kaya inayoteka maji mbali kwa kichwa, au inayonunua kila ndoo wakati wa kiangazi, isione aibu kubaki na nyasi kavu. Nyasi zilizokaushwa juani, zikatandikwa nene na kubadilishwa mara kwa mara, humkausha simbilisi vizuri na kumalizia kazi yake shambani kama mbolea. Vivyo hivyo kwa mwenye simbilisi wengi. Nguo ni kwa banda dogo. Maranda ya mbao nayo hufaa yakiwa makavu na yasiyo na vumbi, lakini yale mabichi ya paina yenye harufu kali ya utomvu yaepukwe. Kosa liko katika kuchukua nguo kwa sababu inapendeza, kisha kuifua nusu nusu kwa kukosa maji. Nguo isiyofuliwa ipasavyo ni uchafu uliotandikwa vizuri.

Lini kumwita mtaalamu

Simbilisi anayepumua kwa shida, anayetoa makamasi, anayechechemea au mwenye nyayo zilizovimba aonwe na Afisa Mifugo wa Kata siku hiyohiyo. Aliyeacha kula kwa nusu siku asisubiriwe mpaka kesho, kwa kuwa tumbo lake halivumilii kukaa tupu. Mfugaji aje na maelezo ya tandiko analotumia na siku lilipobadilishwa mara ya mwisho. Maelezo hayo humsaidia mtaalamu kuliko kukisia. Mwenye swali kuhusu mahali pa kumwaga maji machafu amwone Afisa Afya wa Kata, naye atamwelekeza kulingana na mahali kisima kilipo.

Kwa wanafunzi waliofika leo, kazi ya nyumbani ni moja. Jioni hii, kabla ya kuwapa simbilisi majani, kila mmoja aweke kiganja chake juu ya tandiko na kuhesabu polepole mpaka kumi. Mkono ukitoka mkavu, mfugaji huyo ametimiza wajibu wake. Mkono ukitoka umelowa, tandiko libadilishwe usiku huuhuu, kwa sababu mnyama hana mahali pengine pa kulala.