Kisanduku Kimoja Kinatosha: Taarifa za Kumwomba Msomaji Anayejiunga na Jarida la Barua Pepe



Shule binafsi, zahanati, kituo cha ufundi, kikundi cha kuweka na kukopa au klabu ya michezo ya huku Chamazi, Dar es Salaam, ikiamua kuwa na jarida la barua pepe, kazi ya kwanza huwa kutengeneza fomu ya kujiunga, na kazi hiyo mara nyingi hupewa kijana wa ofisini anayejua kompyuta. Kijana huyo hatungi fomu. Anachukua iliyopo kwenye programu, kisha kila mkubwa anayepita nyuma ya kiti chake anaongeza chake. Mhasibu anataka namba ya simu, mratibu wa mradi anataka jinsia na umri, mkurugenzi anauliza kwa nini kazi na kata hazimo, na mwishoni mtu anakumbuka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa siku hizi kila fomu inayo. Wiki ikiisha fomu ina visanduku tisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa chini akavifikiria vyote tisa. Hoja ninayoileta ni kwamba fomu ya namna hii iulize kile tu ambacho kikikosekana jarida halitamfikia mtu. Kwa jarida la barua pepe, kitu hicho ni anwani ya barua pepe basi. Kisanduku cha pili kikitakiwa, anayekitaka ndiye akitetee kwa kuonyesha ni sentensi ipi ndani ya jarida itakayobadilika kwa sababu ya jibu la msomaji.

Nianze na sheria, maana wengi huidhani ni ya benki na kampuni za simu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi lililo wazi, ziwe zinatosha na kuhusiana na kusudi hilo bila kuzidi, na zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika. Wanaokusanya na kuchakata taarifa wanatakiwa kujisajili kwenye Tume, na taarifa za afya, imani ya dini na za watoto zimewekewa masharti makali zaidi. Kisome kigezo cha kutozidi ukiwa na fomu ya visanduku tisa mkononi. Kusudi lililotangazwa ni kutuma jarida mara moja kwa mwezi. Tarehe ya kuzaliwa inahusiana nalo vipi? Atakayejibu kwamba itakuja kufaa baadaye amekiri kuwa kusudi bado halipo.

Lakini tusiwe watu wa kuogopa Tume tu, kwani hata kama sheria isingekuwepo fomu ndefu ingeendelea kutuharibia kazi. Fikirieni mahali inapojazwa. Msomaji wetu hayuko mezani. Yuko ndani ya daladala ya Mbagala Rangi Tatu, simu mkono mmoja, kioo kimepasuka kona, bando limebaki la kuombea. Kibodi ikifunguka inameza nusu ya kioo, hivyo kila kisanduku anakitafuta kwa kusogeza ukurasa. Anafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, na kalenda inamfungukia mwaka huu, naye ni wa 1974. Atavuta mwezi kwa mwezi hadi wapi? Ataacha, au atabonyeza tarehe yoyote apite, ndiyo maana orodha za namna hii hujaa watu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Taarifa iliyotolewa kwa kulazimishwa huja na uongo wake, na uongo ukishaingia kwenye orodha hauna alama ya kuutambua. Ofisi inabaki na safu nzima ya umri, inaichorea grafu, inaipeleka kwenye kikao.

Kutia neno "hiari" pembeni ya kisanduku hakutuokoi. Mfano unaofaa kuangaliwa ni wa kampuni ya usafiri ya Expedia ya Marekani. Fomu yake ya malipo ilikuwa na kisanduku kimoja kisicho cha lazima kilichouliza jina la kampuni. Baadhi ya wateja walidhani wanaulizwa benki iliyowapa kadi, wakaandika jina la benki, na baada ya hapo wakaandika anwani ya benki badala ya ya nyumbani kwao, malipo yakakataliwa. Kampuni ilipokiondoa kisanduku hicho, kwa maelezo ya watendaji wake wenyewe, faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Jarida la Chamazi haliuzi tiketi za ndege, lakini tabia ya mtu mbele ya fomu ni ileile: swali akiliona, huamini kwamba mwulizaji ana sababu, na sababu asipoielewa huibuni.

Upande wenye uzito zaidi ni ule wa kile ambacho taarifa ndogondogo zinaweza kufichua zikikutanishwa. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vikiwekwa pamoja vilitosha kuwabainisha mmoja mmoja takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Mtafiti mwingine, Philippe Golle, aliirudia hesabu mwaka 2006 akapata kama asilimia 63. Tukichukua hata hiyo ndogo, bado ni zaidi ya nusu ya watu, na jina halijaulizwa. Kwetu hali ni nyepesi zaidi kwa mwenye nia mbaya, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeomba namba hiyo ili atume habari za mahafali ya ushonaji amejibebesha kitu ambacho hata ofisi zenye kabati la chuma hulala zikikiwazia.

Hapa ndipo fomu tunazoiga zinapotupotosha, kwa sababu zilitengenezwa kwenye nchi ambako namba ya simu ni namba ya kupigia tu. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Namba hiyohiyo ndiyo akaunti ya pesa. Ukiingiza namba ya mtu kwenye huduma ya kutuma pesa, jina lake linajitokeza kabla hujathibitisha muamala. Maana yake ni kwamba aliyetupa namba ya simu ametupa jina lake kamili na njia ya kuufikia mfuko wake, hata kama kisanduku cha jina alikiruka. Matapeli wa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hubahatisha namba. Orodha ya watu wa kikundi kimoja, mtaa mmoja, wanaofahamiana na kuchangishana, ingewaondolea kazi ya kubahatisha. Na hatari haiishii kwa matapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na lalamiko lililozoeleka dhidi ya mikopo ya aina hiyo ni ndugu na majirani wa mkopaji kupigiwa simu na kudhalilishwa. Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia wahusika ujumbe wa vitisho. Namba za namna hiyo mtu huzihifadhi kwa nia njema kabisa, bila kufikiria mikopo.

Hata anwani ya barua pepe tusiichukulie kirahisi. Wapo watu wazima wengi ambao barua pepe yao ilifunguliwa na muuza simu siku waliponunua simu, ili programu zipakuliwe, na hawajawahi kuisoma. Wakiulizwa wataiandika kwa kukumbuka, na wakikosea wakaandika "gmail.con" hakuna wa kuwasahihisha. Kwa watu hao jarida la barua pepe ni chombo kisichowafaa, na dawa yake si kuongeza kisanduku cha simu kwenye fomu ileile kwa wote. Wapewe njia yao: kikundi cha WhatsApp wanachojiunga wenyewe na kutoka wenyewe, au karatasi kwenye ubao wa matangazo.

Kuhusu jina, wataalamu wa biashara husema barua inayomtaja msomaji husomwa zaidi. Huenda, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kumtaja mtu kunadai kujua umri wake na uhusiano wenu. Barua inayomsabahi bibi wa miaka 68 kwa "Mambo Mwanaidi!" imevunja heshima kabla haijafika mstari wa pili, na wapo wanawake ambao mtaa mzima huwaita kwa jina la mtoto. Fomu za kuiga hudai "jina la kwanza" na "jina la mwisho", wakati wengi wetu tunaandika letu, la baba na la babu, na la mwisho hilo hatuitwi nalo na mtu yeyote. "Ndugu msomaji" imeyahudumia magazeti na redio kwa miaka mingi bila kumuudhi mtu. Anayeona lazima kuwe na jina aulize moja tu: ungependa tukuiteje?

Mapingamizi yapo, na moja ni la kweli. Wafadhili wanataka hesabu: wanawake wangapi, vijana wangapi, kata zipi. Mradi usiotoa hesabu hiyo haupati awamu ya pili, na mishahara ya watu iko humo. Simdharau anayesema hivyo. Lakini mfadhili anaomba idadi, haombi orodha ya majina yenye umri mbele yake. Dodoso fupi lisilo na jina wala anwani, likitumwa mara moja kwa mwaka kwa wasomaji wote, hutoa idadi hiyo, na majibu yake huaminika zaidi kwa kuwa anayejibu hana sababu ya kujificha. Si wote watakaojibu, ni kweli, na ripoti iseme wamejibu wangapi. Hilo ni bora kuliko tarehe 1 Januari zilizojazana.

Wengine husema fomu ndefu huchuja, kwamba asiye na nia hukata tamaa mapema. Inachuja kweli, ila tuangalie inamchuja nani. Mama wa gengeni ambaye mteja amefika anaiacha katikati, mwenye bando la kuhesabu anaiacha, asiyeona vizuri maandishi madogo anaiacha. Anayebaki hadi mwisho ni mwenye muda. Uchujaji wa haki upo na ni rahisi: baada ya kuandika anwani, mtu anatumiwa barua yenye kiungo cha kuthibitisha. Asiyebonyeza haingii kwenye orodha. Kwa njia hiyo anwani zilizokosewa zinajiondoa, na hakuna anayeandikishwa na jirani kwa utani.

Pingamizi linalotajwa zaidi vikaoni ni kwamba watu wamezoea. Getini unaandika jina na simu kwenye daftari, kalamu imefungwa kamba, na unaona majina ya wote waliokutangulia, nani alikuja kumwona nani. Basi kisanduku kimoja zaidi kina shida gani? Mazoea hayo ndiyo yanayofanya wajibu uwe wa anayeuliza. Mtu aliyezoea kujaza hatatukatalia, kwa hiyo ridhaa yake haitupi kipimo chochote cha kujua tumezidisha. Na tukumbuke taarifa hizi zinakaa wapi. Vikundi vingi vidogo havina kompyuta, hivyo hutumia fomu za karatasi ambazo hupelekwa stationery kuchapwa, na faili la Excel linabaki pale kwenye kompyuta ya watu wote, karibu na barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Faili lenye anwani tupu za barua pepe likivuja ni usumbufu. Lenye majina matatu, simu, NIDA na mtaa ni jambo la polisi.

Kuna mahali kisanduku cha pili kinastahili. Shule yenye taarifa tofauti kwa wazazi wa Mbande na wa Mbagala ina haki ya kuuliza kituo cha basi, kwa sababu jibu linabadilisha barua. Kituo cha ufundi kinachoanzisha darasa la umeme kinaweza kuwauliza wasomaji wake, ndani ya toleo la mwezi huo, nani anataka fomu ya kujiunga, na hapo ndipo simu na jina huombwa, kwa wanaotaka tu. Msomaji aliyekwisha kupokea matoleo kadhaa anamjua anayemwuliza, na anajua anaulizwa kwa ajili ya nini.

Linalobaki ni orodha ambazo tayari tunazo. Napendekeza ofisi zianze kwa kufuta safu ya NIDA na ya tarehe ya kuzaliwa kabla ya toleo lijalo, pamoja na nakala zilizobaki stationery na kwenye simu za waliokuwa wakijitolea. Namba za simu ni suala gumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya taasisi zimekwisha kuzitumia kwa michango na mahudhurio ambayo mwenye namba hakuambiwa siku alipojiunga. Ziombewe ridhaa upya, au zifutwe zote? Mimi naegemea kuzifuta, lakini najua hapa ukumbini wapo watunza hazina wenye maoni tofauti, na ningependa mjadala uanzie hapo.