Maradhi ya Tezi Dume na Dawa Zake

Leo nataka kusema nanyi juu ya maradhi ambayo wanaume wengi huyaficha kwa haya. Lakini wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Chini ya kibofu cha mkojo kila mwanamume ana tezi ndogo, ukubwa wake kama ndimu changa, nayo imeuzunguka mrija upitishao mkojo. Tezi hiyo ikishikwa na uvimbe wenye maumivu, mkojo huunguza, na kinena, msamba na kiuno huuma. Si maradhi ya wazee tu. Vijana nao huyapata. Wala si saratani.

Sasa sikilizeni vema, maana jina ni moja, lakini aina ni mbalimbali, na dawa ifaayo aina moja huenda isiifae nyingine.

Aina ya kwanza huja ghafula, pamoja na homa kali na kitapo. Huletwa na vijidudu, mara nyingi vile vikaavyo matumboni. Mgonjwa huyu asingoje hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali, mkojo upimwe, apewe antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu. Aliyezidiwa hutiwa dawa mshipani, na aliyezibwa mkojo huwekewa mpira wa kuutoa. Dawa huendelea majuma 2 hata 4. Homa huondoka mapema, na hapo ndipo wengi huiacha dawa, na vijidudu vilivyosalia hujificha tezini.

Ya pili ni ya vijidudu hivyo vilivyojificha, virudivyo mara kwa mara. Dawa yake huchukua majuma 4 hata 6, na pengine zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyo nyingi kuliko zote: maumivu ya miezi 3 au zaidi, na mkojo ukipimwa hauonekani kijidudu. Huyu hafaidiwi na kumeza antibiotiki kila mwezi. Daktari humpa dawa ya kulegeza njia ya mkojo na ya kutuliza maumivu, na hufundishwa kulegeza misuli ya nyonga. Kukalia maji ya vuguvugu pia huleta nafuu. Kupona kwake ni polepole, asikate tamaa.

Basi, mtu asinunue dawa kwa kukisia, wala asimeze zilizosazwa na jirani. Amweleze daktari waziwazi maumivu yalianza lini, yako wapi, na kama ana homa. Nawe bibi, ukimwona mumeo ana homa na mkojo hautoki, usingoje asubuhi.